Mjomba Toazi na Barua Zenu: Rafiki Kahamia kwa Wapinzani

Mwezi wa tano ulimi uliniteleza kwenye safu hii, nikataja kwamba Jumamosi zangu zote za kiangazi huishia juani, matoazi mawili yamefungwa viganjani, kofia ya manyoya kichwani. Nilidhani nimejiaibisha. Kumbe wenye maradhi haya tuko wengi, na wengine mmeoana nao. Leo sanduku zima ni lenu.

Kwa msomaji aliyeingia sasa hivi: huku Marekani kuna vikosi vya ngoma na buruji. Watu mia moja hivi wanapiga huku wanatembea, wanachora maumbo kwa miguu yao kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani, bendera na bunduki za mbao zinarushwa nyuma yao, na majaji wanawapa alama juu ya 100. Kuna vya vijana, ambako ukifika miaka 22 unaagwa kwa machozi, na kuna vyetu sisi wenye mikopo ya nyumba na magoti mabovu. Zamani tuliitwa vikosi vya wakubwa. Siku hizi, kwa adabu, vikosi vya umri wote. Hakuna anayelipwa. Ada tunatoa sisi, mamia ya dola kwa msimu, na petroli juu.

Barua ya kwanza nimeisoma mara tatu.

*Shikamoo Mjomba Toazi. Nina miaka 41, napiga snea, ile ngoma ya mlio mkali, kwenye kikosi kimoja cha mashariki ya Pennsylvania. Nilijiunga misimu sita iliyopita pamoja na rafiki yangu, ambaye watoto wangu wanamwita baba mdogo. Tulikuwa tukitumia gari lake, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kila mwisho wa wiki wa mazoezi. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kijiti cha mkono wa kushoto kwa mtindo wa wazee. Novemba iliyopita, siku ya mazoezi ya kwanza, hakunipitia. Nilisimama dirishani na chupa ya chai tangu saa kumi na moja alfajiri. Nilipompigia akaniambia amekwenda kufanya usaili kwa wapinzani wetu, wale ambao kwenye basi letu hata jina hatuwataji. Wamemchukua, na wamemweka katikati ya mstari. Kwetu katikati anasimama mtu mmoja miaka kumi na zaidi, wala hana dalili ya kuondoka. Basi, msimu mzima tumekutana kwenye maonyesho matano, sijamsalimia. Fainali wametupita kwa sehemu tatu za kumi. Vikosi vyote tukiwa tumesimama uwanjani kusikiliza matokeo, akaninyooshea kijiti kama tulivyokuwa tukisalimiana zamani. Nikageuza uso. Wenzangu mstarini wananisifu. Mke wangu anasema mimi ni mtoto mdogo. Nani yuko sahihi? Kilichonichosha zaidi ni kwamba wale wanafanyia mazoezi barabara hiyohiyo tunayopita sisi, dakika arobaini mbele. — Snea wa Tatu Kushoto*

Marahaba, mwanangu. Mkeo ndiye aliye sahihi, lakini na wewe umekosewa kweli. Tatizo ni kwamba umeshika kosa lisilo lenyewe.

Soma tena barua yako. Maneno mengi ni ya kuhama, ya katikati ya mstari, ya sehemu tatu za kumi. Chai na dirisha vimepata sentensi moja. Mimi naona dhambi yote imo mle dirishani. Mtu aliyekula kwako, watoto wako wanamwita baba mdogo, alijua tangu mapema kwamba hatakuja, akakuacha usimame gizani unahesabu taa za magari. Hilo lina haki ya kudaiwa. Kuhama, hapana.

Maana kuhama kwenyewe kunaeleweka hata na mimi nisiyemjua. Aliyesimama katikati ya mstari wa snea ndiye ambaye wote wanamsikiliza. Kulia wanasikiliza kushoto, kushoto wanasikiliza kulia, mpigo unatoka kwake. Mpiga snea ambaye hajawahi kuota nafasi hiyo ni mwongo au ni mgeni. Kwenu kiti kina mwenyewe na mwenyewe hazeeki. Mwamba ngoma huvutia kwake, na rafiki yako kavutia kwake kabla mikono haijaanza kukakamaa. Ungeweza wewe kumwambia angoje miaka mingine kumi?

Zamani jambo hili lingekuwa zito zaidi, nakubali. Vikosi vingi vya mwanzo vilizaliwa kwenye matawi ya wanajeshi wastaafu, American Legion na VFW, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ulipiga kwa tawi lenu kama unavyosali msikiti wa mtaani kwenu. Hawthorne Caballeros wa New Jersey, walioanza 1946, walitokana na tawi la Legion la mji wao. Vikosi vya wakubwa vilipounda chama chao cha DCA mwaka 1963, kisha vikashindania ubingwa wa kwanza 1965 na Reading Buccaneers wa hapo Pennsylvania wakaubeba, uhasama ulikuwa umeshaota ndevu. Caballeros na Skyliners wa New York walinyang'anyana ubingwa miaka ya 1970, na mpaka leo ukiwataja Skyliners mbele ya mzee wa Caballeros, weka kikombe chini kwanza, kwa kuwa kahawa itapoa.

Sasa fuatilia wazee haohao wanafanya nini wakishastaafu mashindano. Mwaka juzi mmoja alinipa lifti kutoka kwenye onyesho la wakongwe. Nilipofungua buti nitie mfuko wangu, nikakuta kofia mbili za vikosi viwili ambavyo vijana wao hawakai meza moja. Jumapili hii anapiga huku, Jumapili ijayo anapiga kule. Nikamuuliza, mzee, hukuwa unawachukia hawa? Akasema, "Sana. Ndiyo maana najua nyimbo zao zote."

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi nikiwa nyuma ya usukani. (Kazi yangu ni basi la shule, kiangazi shule zimefungwa, na hapo ndipo Mungu alipopanga mashindano.) Kwenye mpira, mpinzani anakunyang'anya, anakukanyaga, anakuzuia. Kwetu hakuna kitu anachoweza kukufanya. Anaingia peke yake, dakika kumi na kitu, anatoka, unaingia wewe. Hawezi kukugusa. Anachoweza ni kukusikiliza tu, na anakusikiliza kuliko mtu mwingine yeyote uwanjani pale. Mama yako kule jukwaani anaona bendera nzuri. Mpinzani wako aliyepanga foleni nje ya lango, ngoma kiunoni, ndiye anayesikia kwamba ule mviringo wa kijiti baada ya kituo cha pili leo mmeupiga kama mtu mmoja. Anauma meno. Wewe utamsahau vipi mtu wa namna hiyo?

Nikupe kisa cha nati. Wakati huo bado nilikuwa snea kama wewe, bega langu lilikuwa halijanisaliti. Dakika tisa kabla ya kuingia uwanjani, nati inayoshikilia ngoma kwenye kibebeo ikanikatikia. Ngoma ikaning'inia upande mmoja kama mtoto aliyelala mgongoni. Lori letu la vifaa lilikuwa upande wa pili wa maegesho. Nyuma yetu kwenye foleni walikuwa wale wale, wapinzani ambao hata sisi hatukuwataja kwenye basi. Mmoja wao, jitu la vidole vinene, alinitazama, akatazama ngoma, akachomoa ufunguo mfukoni. Akafungua nati ya ngoma yake mwenyewe. Akaifunga kwenye yangu. Akasema, "Nirudishie kabla sijaingia."

Tukaenda, tukapiga. Tulipotoka nikakimbia kinyume cha safu, jambo linalokatazwa, nikamkuta langoni ameifunga ngoma yake kwa kamba ya kiatu, kiatu kimoja kinapwaya. Nikamrudishia. Hatukupeana hata mkono, vidole vilikuwa vinatetemeka sote wawili. Usiku ule walitupita. Kwa kiasi gani sitasema, ila kilikuwa kidogo hata kidole kingeweza kukificha. Kwenye basi letu nilikisimulia kisa hiki, na hakuna aliyeshangaa. Mmoja akasema tu, "Ningekuwa mimi ningempa na kamba yangu."

Ukitaka kujua nimewahi kumchukia nani katika mchezo huu, hakuwahi kuvaa sare nyingine. Alisimama sentimita themanini kutoka kwangu. Msimu bega lilipoanza, nahodha wa mstari wetu aliniambia mwezi wa saba, wiki moja kabla ya onyesho kubwa, kwamba nitapumzika, na nafasi yangu akapewa kijana niliyekuwa nikimwazima viplagi vya masikio. Kijana alikuja kuniomba radhi. Sikumjibu. Nilikaa jukwaani nikimwombea adondoshe kijiti. Miezi minne nilimbebea kinyongo mtu ambaye kosa lake lilikuwa bega langu. Alipiga vizuri, kwa taarifa yako. Nikahamia kwenye matoazi, na jina hili la safu nimelipata hapo.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kabla ya Novemba. Mpigie simu. Usianze na kuhama. Mwambie, "Nilisimama dirishani." Kisha nyamaza, mwache yeye ajaze. Akikuomba radhi kwa dirisha, pokea, na umwambie jambo moja la kweli juu ya mpigo wake wa msimu huu. Najua uliusikiliza, mlisimama foleni moja mara tano. Akijitetea kwa kuhama tu, mrudishe dirishani.

Na hizo dakika arobaini mbele zilizokuchosha, mimi ndizo zilizonichekesha. Mnapita barabara moja, siku zilezile, saa ileile. Gari ni lake, petroli mchangie. Akushushe kwenye geti la kwenu, aendelee kwa wachawi wenzake. Wenzako mstarini wakikuona unashuka kwenye gari la adui watapiga kelele wiki mbili, halafu mmoja atauliza kama kiti cha nyuma kiko wazi.

*Mjomba, salaam aleikum. Mume wangu ana miaka 52, ni mhasibu, anapiga kontra kikosini. Wakishindwa, nyumbani hakuna raha. Hasemi, hali vizuri, anarudia kusikiliza rekodi ya onyesho mpaka Jumatano. Nikasema, basi hawa wapinzani lazima ni watu wabaya sana. Mwaka huu nikaamua kwenda naye fainali. Walishindwa. Namtafuta, namkuta nyuma ya basi la wapinzani, ameshika sahani ya chakula chao, anacheka hadi machozi, na amevaa fulana YAO. Nilipomuuliza akasema mimi sitaelewa. Naomba unieleweshe wewe. — Mke wa Kontra, New Jersey*

Aleikum salaam, dada yangu. Nitajaribu, ingawa mumeo naye ana la kujibu.

Fulana kwanza. Usiku wa fainali watu hubadilishana fulana, beji, hata soksi nimewahi kuona. Wapiga kontra ndio wabaya zaidi kwa hili. Kontra ni ile buruji kubwa inayobebwa begani kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake, zaidi ya kilo kumi, inaelekezwa mbele onyesho zima bila kuinama. Waliokwisha kuibeba wanajuana kwa bega moja lililoteremka. Kikosi kwao ni jambo la pili. Ukimkuta mpiga kontra wa kikosi chochote amekaa peke yake, subiri dakika tano, wa kikosi kingine atamletea kiti.

Kununa sasa. Hebu fikiri jinsi tunavyohukumiwa. Alama 100 zimegawanywa: 40 za mvuto wa onyesho zima, 30 za macho, 30 za muziki. Majaji kila mmoja na sehemu yake. Mwishoni zinajumlishwa, na vikosi viwili vilivyofanya kazi tangu theluji ya Novemba vinatenganishwa na sehemu ndogo ambayo mhasibu, tena mhasibu, hawezi kuiacha. Mumeo anarudia rekodi anatafuta ile sehemu ilipotokea. Anajua labda ni pale alipoingia mapema nusu ya pigo. Hawezi kuwakasirikia wapinzani, kwa sababu aliwasikia na anajua walistahili. Hasira imebaki na yeye, na amekuja nayo nyumbani kwako.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa kundi la Marini kule Dar es Salaam, enzi za beni, watu wazima na ngoma zao, matarumbeta na vyeo vya kijeshi vya kujipa. Babu alikuwa wa kundi pinzani, Arinoti. Walipigana vijembe miaka yote na walilala chumba kimoja. Bibi alikuwa na sharti moja: gwaride likiisha, kisirani kiishie kwenye kizingiti. Babu akiingia nacho, alikuwa anarudishwa nje mpaka akimalize.

Mwekee mumeo mpaka Jumatatu magharibi. Hiyo ni haki yake, onyesho ni zito. Jumanne na Jumatano anakuibia. Mwambie nimesema hivyo mimi, mtu wa matoazi, na akitaka kubisha aniandikie. Na fulana ile usiifue na nguo nyeupe. Rangi zao zinachuja, nina ushahidi kabatini.

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni kijana wa miaka 23. Nimepiga misimu mitatu kwenye kikosi cha vijana, muda wangu umekwisha kwa umri, sasa nimejiunga na kikosi cha umri wote hapa Minnesota, kwenye baritoni, ile buruji ya sauti ya kati. Nashukuru wamenipokea. Lakini wazee wa safu yetu wananiudhi. Kila nikipiga, mmoja atasema "enzi za tiki usingedumu wiki." Mimi napiga safi kuliko wao, Mjomba, nasema ukweli. Lakini sauti ya kwanza kapewa mzee wa miaka 60 ambaye hata hatua zake zinachelewa. Nitashindana naye vipi bila kukosa adabu? — Baritoni Kijana*

Marahaba. Swali lako la mwisho limekuokoa, maana nilipokuwa naisoma nilikuwa nimeshanyanyua toazi.

Nikufafanulie hizo tiki, kwani labda hawajakueleza zaidi ya kukutishia. Zamani majaji walikuwa wakitembea katikati ya safu wakati mnapiga, ubao wa kuandikia mkononi, na kila kosa waliloliona au kulisikia, kijiti kimoja kilichochelewa, mguu mmoja uliokosea, walikata sehemu moja ya kumi. Mlianza na alama kamili, mkaliwa kidogokidogo. Vikosi vya vijana viliachana na utaratibu huo 1984. Mzee wako ana miaka 60, kwa hiyo alikuwa kijana wakati jaji mzima mzima akimwinamia sikioni. Na buruji zenyewe zilikuwa za funguo ya G, nyingi zina pistoni chache, noti nyingine ulizitafuta kwa midomo na dua. Vikosi vya DCI, chama cha vikosi vya vijana, vimeruhusiwa ala za funguo yoyote mwaka 2000 tu. Wewe umekulia kwenye pistoni tatu na hewa safi.

Hiyo haimpi haki ya kukusimanga kila siku. Wazee wenzangu mnaosoma hapa, nasi tuna aibu yetu: tulipokuwa na miaka 23 tuliwaambia wazee wetu nini? Nakumbuka, na sitayaandika.

Lakini kijana, neno "safi" linakudanganya. Wewe umetoka kwenye maisha ya kulala sakafuni kwenye ukumbi wa shule na kupiga saa kumi na mbili kwa siku, kiangazi kizima. Ndiyo maana uko safi. Hawa wanakutana Jumamosi na Jumapili, katikati kuna ofisi, wajukuu na shinikizo la damu. Usafi wao haumo kwa mmoja mmoja. Umo kwenye kusikilizana. Simama mita ishirini mbele ya safu yenu siku moja wakati wewe hupigi, halafu siku nyingine mwombe mtu arekodi ukiwemo. Ukisikia sauti moja imechomoza kama msumari kwenye benchi, ujue ni nani.

Kushindana naye shindana. Ni vizuri, kikosi bila ushindani wa ndani kinalala. Ila shindana kwa njia hii: fika kabla yake, umsalimie kwanza, na umwombe mfanye mazoezi ya hatua pamoja. Hatua nane kwa yadi tano, kila hatua sentimita 57, unajua kuzihesabu usingizini, yeye zinamchelewa. Mpe hizo. Yeye akupe pumzi, maana mzee wa 60 anayefikisha mwisho wa noti ndefu huku anarudi nyuma ana siri ambayo hukufundishwa. Mwakani sauti ya kwanza itatafuta mtu. Mwenye kuamua atamuuliza nani? Atamuuliza mzee.

Jambo jingine dogo. Tangu 2024 mashindano yetu ya umri wote yako chini ya DCI, nyumba uliyotoka wewe. Wazee wengine bado wanalia DCA yao na fainali za wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, Septemba, walizozizoea. Wakikuita "mtu wa DCI" usijibu. Ni kilio tu, hakikuhusu.

*Mjomba, swali fupi. Mpeperusha bendera wa kikosi pinzani alirusha bunduki ya mbao ikamponyoka ikaanguka. Mimi na wenzangu jukwaani tulicheka, mmoja akapiga makofi. Tumekosea? — Wa Jukwaa la Juu, Connecticut*

Kucheka kunaponyoka, kama bunduki yenyewe. Makofi yana mikono, na mikono ina mwenyewe. Aliyepiga makofi akamnunulie yule dada maji ya baridi onyesho lijalo. Ile mbao ikianguka kutoka juu hupiga vidole, na yule aliiokota akaendelea bila kubadili uso. Kama wewe uliliona hilo na hukulisema kwenye barua, nimeligundua.

Kabla sijafunga sanduku. Nimepokea kadi isiyo na jina, mhuri wa posta wa mji ambao siutaji, imechorwa nati kwa kalamu ya bluu na chini yake maneno mawili: "Bado ninayo." Ndugu yangu, salamu zimefika. Mimi siku hizi sina ngoma, lakini nati ya akiba huwa naivaa kwenye mkufu wa filimbi, onyesho hadi onyesho, saizi ileile. Mkipangwa nyuma yetu tena, njoo upande wa kushoto wa lango. Kamba za viatu uje nazo mwenyewe.